Bado navaa 34

Kwa fundi, pale karibu na soko la Mbuyuni, tulikuwa tumejazana akina mama wa ukoo mzima, kila mtu na kitenge chake cha sare mkononi, sendofu ya mtoto wa dada yetu ilikuwa imekaribia, na joto la Moshi la saa nane mchana si mnalijua. Fundi ni mzee wa Kipare, haongei sana. Zamu ya wifi yangu ilipofika akasema, fundi andika tu kiuno thelathini na mbili, mimi saizi yangu naijua, nina haraka. Fundi wala hakumjibu. Akampitishia tepu, akaandika kwenye daftari: 37.

"Umeilegeza hiyo tepu," wifi akasema.

Fundi akapima tena. 37.

Alafu akasema kwa upole kabisa, huku anaweka penseli sikioni, "Mama, mimi siulizagi mtu saizi yake. Nikiuliza, nguo inarudi."

Tulicheka mpaka jirani muuza nyanya akachungulia. Nyuma ya wifi alikuwepo binti yetu mmoja anasoma chuo Arusha, mwembamba, yeye akaanza kujitetea kabla hajaguswa, eti fundi nimenenepa sana, tumbo limetoka, weka 30. Tepu ikasoma 26. Hakuna aliyecheka hapo, na wala sikujua kwa nini hatukucheka.

Nimetembea na hiyo kitu kichwani wiki kadhaa. Watu wawili, wote wana vioo nyumbani, wote wanauona mwili wao kila siku wakioga, mmoja anajipunguzia inchi tano na mwingine anajiongezea nne. Na wote wawili walikuwa wanaongea kwa uhakika kabisa!

## Nguo zina huruma

Nilivyorudi kuchukua nguo yangu nikamkuta fundi hana mteja, nikamchokoza kidogo. Akasema akina mama afadhali, wabishi wenyewe ni wanaume. Mwanaume anakuja na kadeti ya mtumba kaitoa soko la Memorial, anataka ikatwe miguu tu, ukimwambia nikupime na kiuno anakwambia usijisumbue fundi, mimi tangu namaliza shule navaa 34. Na ni kweli anavaa 34, hadanganyi! Ila mkanda umeshuka, kila mwaka unashuka kidogo, saivi uko chini ya kitambi, na kitambi kiko juu huko kinaendelea na maisha yake. Suruali inapima nyonga. Tumbo halipimwi na mtu.

Kwa hiyo mtu ana ushahidi. Ana lebo mgongoni mwa suruali inayosema hajabadilika miaka ishirini.

Nikaenda kusoma, nikakuta Shirika la Afya Duniani linaelekeza tepu ipite katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, umesimama, umetoa pumzi kawaida, bila kuvuta tumbo ndani (hapo kwenye kuvuta tumbo ndani tunajuana). Hapo ni juu kabisa ya pale mkanda wa mwanaume wa miaka 45 unapokaa. Ukipima kwenye mkanda unapata 34 yako, ukipima panapotakiwa inaweza kuja 41 na mtu ni yule yule, saa ni ile ile.

Sisi wanawake tuna dera na tuna lastiki. Lastiki haijawahi kumwambia mtu ukweli. Na mafundi wenyewe wanatulea, wanaacha akiba ya kitambaa pembeni ili mwakani uje ufunguliwe kimya kimya, yaani unene wako umeshapangiwa nafasi kabla haujafika.

Alichonionyesha mwisho ndo kilinimaliza. Anatunza madaftari ya zamani. Akafunua ya mteja mmoja, akaziba jina kwa kidole, mama wa makamo anayeshona kila kukiwa na harusi: kiuno 31, mbele huko 34, kisha 36, kisha 39. Fundi anasema kila akija anasema maneno yale yale, fundi nipo vile vile, tumia vipimo vya zamani.

Na naamini anasema kwa moyo safi. Mwili hauongezeki siku moja ukashtuka. Unaamka nao kila siku, na jana ndo unayoilinganisha na leo.

## Sasa nani ana haki, jicho au mzani?

Watafiti wa nchi nyingi wameshalifanyia kazi hili kwa njia rahisi kabisa: muulize mtu uzito na urefu wake, andika, kisha mpandishe kwenye mzani na umsimamishe ukutani. Kinachotoka kinafanana karibu kila mahali. Watu wazito wanajipunguzia kilo, wembamba sana mara nyingi wanajiongezea, na urefu kila mtu anajiongezea, wanaume ndo zaidi, na ukizeeka unaendelea kutaja urefu wa ujana wakati uti wa mgongo umeshapungua.

Inaonekana ni uongo mdogo, ila fanya hesabu. Ile BMI, namba ya kuangalia kama uzito wako unaendana na urefu wako, ni kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 74 na mita 1.60 anapata 28.9. Huyo huyo akisema ana kilo 70 na mita 1.65 anapata 25.7. Kasogeza kidogo huku, kidogo kule, na kutoka kukaribia 30, ambako ndo unene wenyewe unaanza, karudi jirani kabisa na 25, mpaka wa kawaida.

Nikawa nimeshaamua kwamba jicho ni mwongo na mzani ndo mkweli, makala iishe. Lakini nilivyozidi kusoma mzani nao ukaanza kunitia mashaka.

Hiyo hesabu aliianzisha Adolphe Quetelet, Mbelgiji, miaka ya 1830, na hakuwa daktari, alikuwa mtu wa nyota na takwimu, anatafuta binadamu wa wastani yukoje. Jina la BMI lilikuja 1972 kwa Ancel Keys na wenzake, waliopima wanaume wa Marekani, Finland, Italia, Japan na Afrika Kusini. Wanaume, sikilizeni. Mipaka nayo inahama: mwaka 1998 Marekani walishusha mstari wa uzito uliozidi kutoka 27 na pointi zake mpaka 25, mamilioni ya watu wakalala wazima wakaamka wamezidi uzito bila kula hata andazi. Na mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani likatoa ushauri kwamba kwa watu wa Asia hatari inaanza mapema, kuanzia 23. Sisi huku tunatumia ile ile 25, na kwenye mipaka ya kiuno ndo kabisa, shirikisho la kimataifa la kisukari lilisema Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie kwa muda namba za Wazungu mpaka zipatikane za kwao.

Tunavaa mtumba hata kwenye hili.

Alafu BMI haijui nyama na mafuta. Kijana anayeshusha magunia ya mahindi anaweza kuonekana kazidi, na mzee wa ofisini mwenye miguu ya kuku na tumbo la mimba akaonekana yuko sawa. Ndo maana mi mwenyewe moyo wangu umeegemea kwenye tepu. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndo yanaongozana na sukari, presha na moyo, na tepu ndo inayoyafuata. Mipaka inayotumika sana: mwanamke sentimita 80 anza kujiangalia, 88 ni hatari kubwa. Mwanaume 94 na 102. Kwa lugha ya fundi, kwa hatari kubwa, ni kama inchi 35 kwa mama na 40 kwa baba. Na kuna ile rahisi zaidi ambayo hata Waingereza wameipitisha kwenye miongozo yao ya 2022, kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Uzi mmoja unatosha: jipime urefu kwa uzi, ukunje katikati, uzungushe tumboni. Ukikutana uko salama, usipokutana haya.

Mimi haukukutana. Tuendelee.

## Picha tisa mezani

Kuna michoro maarufu, ilitoka 1983 kwa Stunkard na wenzake, wanawake tisa na wanaume tisa wamesimama kwenye mstari, wa kwanza mifupa mitupu, wa tisa mnene kweli kweli. Watafiti wanakuonyesha wanakuuliza wewe ni yupi. Nikaiprinti steshenari nikaenda nayo kwenye kikoba chetu Jumapili, tumeshamaliza kukusanya hisa, chai ipo, maandazi yapo.

Nilikuwa nimejiandaa kuwakamata. Nilijua mama wa namba 7 atajiweka namba 4, nicheke, nije niwaandikie hapa.

Haikuwa hivyo.

Walijipanga karibu sawa sawa! Wachache walijishusha hatua moja, basi. Shangazi, ambaye hana dogo, aliweka kidole kwenye namba 7 bila hata kuvaa miwani akasema huyu ni mimi, mpaka mikono. Sasa kama macho yanaona hivi, wifi wangu 32 aliitoa wapi?

Nikauliza tena, jamani, hapa mtu wa kawaida ni yupi, yule ambaye huwezi kumsema chochote? Hapo ndo ikaja. Namba 6. Wengine 5, wengine 6 na nusu kama ingekuwepo. Na kwa vipimo, namba 3 na 4 ndo wanaangukia kwenye uzito wa kawaida, kuanzia wa 5 umeshazidi, na wa 6 anagonga mlango wa unene.

"Na huyu namba 3?" nikauliza.

"Huyo anaumwa," shangazi akasema. "Au ana mume mlevi."

Sikuandika kitu siku ile, nilibaki naangalia ile karatasi ina madoa ya chai. Maana nilikuwa nimeshika swali kwa mkia. Nilidhani watu hawaoni miili yao. Wanaiona. Kilichosogea ni kawaida, imetoka pale ilipokuwa imekuja kukaa na sisi. Wifi kwa fundi hakuwa anataja inchi, alikuwa anasema "mimi niko kawaida", na kwake kawaida inaitwa 32 kwa sababu ndo namba ya mwisho aliyowahi kuijua.

Huko Uingereza Eric Robinson wa Chuo Kikuu cha Liverpool ameandika sana juu ya hili, kwamba tunaupima mwili kwa miili tunayoizoea kuiona, ukizungukwa na wakubwa basi mkubwa anaonekana wa kati. Na sisi tumezungukwa. Kwenye utafiti wa taifa wa afya wa 1991-92 wanawake waliozidi uzito walikuwa asilimia 11, kwenye ule wa 2015-16 wakawa 28, na Kilimanjaro yetu iko kwenye kundi la mikoa ya juu. Kwenye kikoba chetu naogopa hata kukadiria.

Na binti wa chuo? Yeye ni jambo lile lile ila chumba chake ni kingine. Wanaomzunguka wako kwenye simu, viuno vya namba nane, nusu vimebanwa na nusu vimehaririwa, na anauziwa chai ya kupunguza tumbo ambalo hana. Kawaida yake imehamia upande wa pili. Namuogopea kuliko wifi, nikisema kweli, ila hiyo ni makala nyingine.

## Kadi ya kliniki

Nimejaribu kujiuliza sisi wa umri huu tulifundishwa wapi kuusoma mwili, na jibu langu ni kwenye kadi ya kliniki. Mnaikumbuka ile chati ya mtoto: kijani yuko vizuri, kijivu amepungua, nyekundu hatari. Mtoto anatundikwa kwenye mzani kama ndizi, nesi anaweka nukta, mama anashusha pumzi. Mstari unatakiwa upande. Ukipanda, sifa. Ukipanda zaidi, sifa zaidi! Hakuna aliyeambiwa mama Neema mtoto wako amezidi. Mzani wa kwanza wa maisha yetu ulikuwa na hatari upande mmoja tu, chini.

Na ilikuwa sahihi, manake watoto walikuwa wanakufa kwa upande ule.

Ongeza Kibong'oto, ile hospitali ya kifua kikuu kule Sanya Juu. Wazee wa huku ukiwaambia fulani kakonda, kakohoa, walikuwa wanajua basi la Sanya Juu linahusika. Ongeza UKIMWI, uliopatikana kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983 kule Kagera, na sisi wa miaka ya tisini tukakua tukiangalia mashavu ya watu. Mtu akipungua hakuna aliyeuliza, watu walisema kakanyaga miwaya, wakaanza kuhesabu nani alikuwa naye. Dawa za bure zilianza kuja mwishoni mwa 2004. Hapo katikati ni miaka ishirini ya kujifunza kwamba mwili unaopungua ni mwili unaoondoka.

Kwa hiyo mtu akikwambia umenenepa, umependeza, anakwambia uko hai. Ukizaa huku kwetu unalishwa mtori na maziwa mpaka shingo ipotee, na usiponenepa aibu inamrudia mume na mama mkwe. Mtu hajiangalii kwenye kioo na macho yake peke yake, anajiangalia na hao wote nyuma yake.

Na kuna kitu kinanikatisha tamaa ya kuwacheka. Hofu yenyewe siyo ujinga. Ukipungua bila kupanga, bila kubadili chakula, hiyo bado ni dalili ya kukimbilia hospitali: kifua kikuu, kansa, hata sukari yenyewe. Shangazi akimwona namba 3 akasema anaumwa, kuna wakati yuko sahihi kuliko mimi na tepu yangu.

## Baba mdogo

Nimemuacha mwisho kwa sababu ndo aliyenifanya nione hii kitu haiwezi kumalizwa na elimu tu.

Baba mdogo alikuwa mpagazi wa mlima Kilimanjaro ujanani, njia ya Marangu, kabla magoti hayajakataa. Mnajua getini mizigo inapimwa, mpagazi mwisho kilo 20, ikizidi inapunguzwa hapo hapo. Alivyogundulika na sukari alikuwa na kilo 96 kwenye urefu wa mita 1.70, BMI ya 33, na daktari akamwambia hata akipunguza asilimia tano mpaka kumi tu damu yake itaona tofauti. Yeye akachukulia kiume. Akasema nina mzigo wa mtalii mzima hapa tumboni na mtalii mwenyewe simwoni, naushusha.

Akaushusha. Akaacha bia, akapunguza ndizi na wali, akawa anatembea asubuhi mpaka Rau na kurudi. Alifika kilo 84. Sukari ikatulia, daktari akampunguzia dozi. Kwa kila kipimo kilichopo duniani yule mzee alikuwa anapona.

Wakaanza kuja wageni.

Kwanza jirani, na sukari na sabuni kwenye mfuko. Kisha mzee wa kanisa, akasali muda mrefu. Kisha shemeji akapiga simu kutoka Dar anauliza kama kuna kitu familia inaficha. Kwenye msiba mmoja Kibosho watu walimshika mkono kwa mikono miwili, ile ya pole. Mama mdogo naye akaanza kunyooshewa kidole, kwamba hampikii, au kwamba ni yeye ndiye aliyemletea. Suruali zinamwaga, kola inacheza shingoni, na mzee mwenyewe akaanza kujiangalia kioo anaona anachoambiwa. Aliniambia, mwanangu, mimi najisikia mzima lakini nikijiona naona mgonjwa.

Hiyo kauli imenitesa kuliko 37 ya wifi. Mzani unasema kilo 84, BMI 29, yaani bado kazidi uzito! Na mtaa mzima unaona mtu amekwisha, na yeye kaazima macho ya mtaa.

Alirudisha kilo nyingi. Hakuamua, alikuwa tu anapokea sahani anayopewa ili watu wapumue. Mashavu yakarudi, wageni wakaisha, pongezi zikaanza, na sukari ikapanda kimya kimya huku kila mtu anamwambia sasa umependeza baba.

Sina dawa ya hili. Nimewaza labda daktari angemwita na mama mdogo na majirani wawili watatu akawaambia mapema huyu mzee atapungua na ni sisi tumemwagiza, msitishike. Labda apewe tepu ya kukaa nayo nyumbani, kwa sababu inchi za kiuno zina heshima kidogo kuliko mashavu, hakuna jirani anayeziona. Nilimpelekea tepu kweli, ya fundi, ya njano. Alijipima mbele yangu, palepale katikati ya ubavu na nyonga, bila kuvuta tumbo, akasoma mwenyewe: 42. Akaangalia lebo ya suruali yake akacheka mpaka akakohoa.

Ameanza tena, taratibu, ndizi nusu na matembezi ya Rau. Safari hii amejipanga. Amemwambia mama mdogo mgeni yeyote atakayekuja kumpa pole apewe chai isiyo na sukari.